Itazame Tiara, Usimtazame Mkwe

Usiku ule Ngalula hakuvua kitambaa cha kichwa. Alikaa jikoni juu ya kigoda, simu mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa wakati wowote. Nyuma yake, kwenye mkeka, binti yake Kanku alikuwa amelala, au alijifanya amelala. Jioni redio ilikuwa imesema kwamba Angola inawafukuza Wakongo. Kwamba Dilolo, mpakani, watu wanavuka na magodoro kichwani, na wengine hata viatu hawana. Mbuyi, mume wa Kanku, alikuwa huko Angola, mbali kabisa, mahali reli inapoishia baharini, na simu yake ilikuwa haishiki tangu Jumapili.

Neno kufukuzwa halikuwa geni kwa Ngalula. Baba yake aliletwa Kolwezi, mji huu wa Katanga, kutoka Kasai kufanya kazi ya shaba, naye Ngalula alizaliwa papo hapo, akala bukari, ugali wa hapo, akaolewa hapo na Tshimanga, fundi wa kuchomelea vyuma. Kisha ukaja mwaka ambao majirani waliwaambia: rudini kwenu. Kwenu wapi? Wakakaa stesheni na umati wa wenzao wakingoja treni, wakapika kati ya reli, wakazika kando ya reli. Baadaye sana, hasira za watu zilipopoa, walirudi Kolwezi kimya kimya kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Tshimanga alikufa miaka mingi baada ya hapo, kitandani mwake, kwa maradhi yake mwenyewe, na Ngalula alimshukuru Mungu hata kwa hilo. Lakini stesheni ilimwachia tabia moja: kila jioni, kabla ya kufunga mlango, alikuwa akiwahesabu watu wake. Usiku ule hesabu haikutimia.

Alfajiri, jogoo wa jirani alipoanza kukohoa, simu ililia. Ngalula alibonyeza bila kutazama.

"Allo? Kanku?"

Ilikuwa sauti ya Mbuyi. Ngalula aliirusha simu kama kaa la moto, ikamwangukia Kanku tumboni. Alikuwa ameingoja sauti ile usiku kucha, na ilipokuja haikuwa halali yake kuijibu.

Maana kwao, watu wa asili ya Kasai, mama mkwe na mume wa binti yake wana heshima kubwa kati yao. Hawali pamoja, hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Mmoja akimsikia mwenzake njiani, hukata kona. Na mama mkwe kumwona mkwe wake bila shati, au akioga, ni aibu ya kusimuliwa miaka. Mjini wengi walikuwa wameacha mambo hayo. Ngalula hakuacha. Alikuwa amepoteza mengi maishani. Hilo lilikuwa bado halijapotea, basi alilishika.

"Mama, ni yeye!" Kanku alilia na kucheka. "Eko Dilolo! Eko muzima!"

"Muulize kama amekula."

"Mama anauliza kama umekula… Anasema amekula mihogo."

"Ya kuchemsha ao ya kuchoma?"

"Mama!"

"Muulize tu."

Mbuyi alikuja siku chache baadaye, juu ya lori la makaa. Ngalula alijificha nyuma ya pazia la jikoni, lakini pazia lina tundu, na tundu lina kazi yake. Aliona miguu, ikatosha: miwili, yenye viatu. Halafu aliona mzigo. Wenzake walishuka na masufuria, na redio, na cherehani. Mbuyi alishuka na mfuko mmoja mkubwa mgongoni na ubao chini ya kwapa.

Jirani yao Josée, ambaye hakuna mzigo uliowahi kuingia katika mtaa ule bila yeye kuukagua, alikuwa wa kwanza kuuliza kilichomo.

"Ni ya kuchezea ku mayi," Mbuyi alijibu, akafungua kidogo. Kitambaa chepesi, chekundu na cheupe, kikachungulia.

"Wee Kanku!" Josée alipiga makofi. "Bwana za benzako banarudiaka na magodoro. Wako amerudia na chandarua!"

Haikuwa chandarua. Kule baharini Mbuyi alikuwa akiosha na kukunja vifaa vya watu wanaokuja kucheza na upepo. Tajiri wake, alipoona askari wanapita nyumba kwa nyumba, alimlipa kwa alichokuwa nacho karibu: tiara kuukuu iliyoshonwa mara nyingi, kubwa kama paa la jiko, yenye mdomo wa kujaza hewa na kamba nne ndefu zinazoishia kwenye fimbo. Mtu hujifunga mkanda kiunoni, husimama juu ya ubao, hushika fimbo kwa mikono miwili, na tiara humvuta juu ya maji. Mbuyi alikuwa amejifunza kwenda na kurudi. Zaidi ya hapo hakuwa amefika.

Jumamosi moja akataka kuikagua kama haikutoboka njiani. Akaenda kiwanja kilicho nyuma ya soko, akaijaza hewa, akairusha.

Watu wa Kolwezi waliozaliwa juzi walishangilia. Lakini soko lile lilikuwa la akina mama wa umri wa Ngalula, ambao walikuwa wasichana wadogo siku askari wa miavuli walipomwagika kutoka mawinguni juu ya mji. Ngalula alikuwa akikaanga samaki. Aliinua macho, akaona kitambaa kinatanuka angani, na kabla akili haijauliza swali, mwili ulikuwa umekwisha jibu.

"Baparashuti!" mtu alipiga kelele.

Meza zilipinduka. Mama mmoja mzito, ambaye kila siku alilalamika magoti, aliruka mfereji kama mbuzi. Ngalula alijikuta chini ya meza yake mwenyewe, amekumbatia beseni la samaki, pamoja na muuza chumvi aliyekuwa akisali kwa Tshiluba, lugha ya Kasai. Walipotoka, Mbuyi alikuwa anaviringisha kamba zake kwa aibu, na soko zima linacheka huku likijipangusa vumbi. Tangu siku ile hakuna aliyeita kile kitu tiara. Kiliitwa parashuti, na Ngalula akaitwa mama mkwe wa parashuti.

Tiara ikawekwa chini ya kitanda, na Mbuyi akarudia kazi aliyoifanya kabla ya kwenda Angola: mtu wa kamba kwenye shimo la madini. Mchimbaji yuko chini. Mtu wa kamba yuko juu, anapandisha mifuko. Kamba imezungushwa kwenye nguzo, na nguzo ndiyo inayobeba uzito. Mtu wa kamba anavuta tu. Sheria yake ya kwanza, anayofundishwa kabla hata ya jina la kiongozi wake, ni hii: kamba ikiruka, fungua mikono. Nguzo itaushika mfuko. Usipofungua, kamba itavibana vidole vyako kwenye mti, na utarudi nyumbani na vichache kuliko ulivyoondoka navyo. Ngalula alizijua kazi hizo kwa sababu kwa miaka aliwauzia bukari mdomoni mwa mashimo. Aliwajua watu wa kamba kwa namna walivyopokea sahani: akiwagusa kwa ghafla, mikono inafunguka, bukari chini.

Kisha bei ya kobalti, madini yaliyotoka mashimoni, ikaanguka. Wanunuzi wakafunga maduka yao ya mizani barabarani, mmoja baada ya mwingine, kama macho ya mtu anayesinzia. Kiangazi kilipoingia, wakaja wanajeshi na kuwatoa wachimbaji wote kwenye eneo la kampuni. Mbuyi akafukuzwa mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, safari hii nchini mwake, na Kanku alikuwa na mimba.

Ukuta wa chumba chao ulikuwa wa mabati tu. Ngalula hakusikiliza kwa makusudi, lakini hakuziba masikio pia.

"Upepo wa kiangazi ukiisha, kama sijapata kazi, ninarudia Angola," Mbuyi alikuwa akisema. "Kuko njia ya porini, pembeni ya Dilolo."

"Na mi?"

"Weye utabakia na mama. Nitatumaka kitu."

Ngalula alilala macho wazi. Njia za porini alizijua. Aliwaza namna mtu anavyotoka nyumbani akiwa na jina, na siku ya tatu anakuwa "wale waliopita". Asubuhi alijifunga kitenge na kuondoka mapema kuliko kawaida.

Kila wiki alikuwa akienda Nzilo, juu ya bwawa la umeme, kununua samaki kwa wavuvi wa ziwa. Pale ufukweni palikuwa na mgahawa wa vibanda vya majani na vyumba vya wageni, mali ya mjane mmoja wa kutoka kaskazini mwa Katanga, Mama Agnès. Alikuwa mama mpana, mwenye sauti ya kuita mitumbwi. Zamani wazungu na wakubwa wa mashirika walijaa pale kila Jumapili. Siku hizi, tangu bei ianguke, walikuja mbuzi tu.

"Mama Agnès," Ngalula alisema, akichagua samaki bila kuinua macho, "kama mutu anatembea juu ya mayi na parashuti, wageni banaweza kuja kumuona?"

"Yesu alitembeaka juu ya mayi, na bado balimukamata. Ni nani huyo?"

"Mukwe wangu."

Mama Agnès alisema amlete. Jumapili iliyofuata Mbuyi alikwenda na kurudi juu ya ziwa, akirusha maji, na wageni wachache waliokuwepo walisimama. Mama Agnès alitazama mpaka mwisho, akinywa chai. Kisha akatoa simu, akamwonyesha Kanku, aliyekuja na mumewe, video: mtu wa ng'ambo anaruka juu, na wakati yuko hewani anaivuta tiara yake izunguke duara zima, inashuka mpaka karibu na maji, inampitia kama mbayuwayu, inapanda tena, na yeye anarushwa mbali kama jiwe la manati.

"Hii njo ninataka," alisema. "Kupita-pita juu ya mayi hata bata anaweza. Siku ya Wazazi batu batakuja wengi. Siku ile akizunguka hivi, kazi ni yake, na nyumba ya mulinzi ile pale ni yenu. Asipozunguka, namushukuru, aende na Mungu."

Siku ya Wazazi ni tarehe moja Agosti. Asubuhi watu husafisha makaburi ya wazazi wao, na mchana huwalisha wazazi walio hai. Ilikuwa imebaki kama mwezi. Nyumba ya mlinzi ilikuwa chumba kimoja na sebule, imefungwa muda mrefu, na nyuma yake kulikuwa na mahali pazuri pa kulima mboga za matembele. Ngalula alikuwa amekwisha papima kwa macho.

Mazoezi yakaanza, na Ngalula akayafuata. Hakuyaamini maji. Alisema anakuja kukausha samaki, na kweli alikausha, lakini macho yake yalikuwa na kazi nyingine. Shida ni kwamba Mbuyi akiingia majini alivua shati na kubaki na kaptura. Mama mkwe afanyeje? Akae nyumbani asijue kama mtu amezama? Ngalula alipata njia yake. Aliweka kigoda chake akilipa ziwa mgongo, akakaa upande upande, akapinda shingo, na akainua uso juu. Hakumtazama Mbuyi. Alitazama tiara.

Kwa tiara alijua kila kitu. Ikisimama imara juu, mkwe yuko salama, anapumzika. Ikilala upande na kwenda mbio, mkwe anakwenda mbio. Ikitetemeka ukingo, ameogopa. Ikianguka, Ngalula alishika kifua na kuuliza, "Amepanda?" na Kanku, aliyekuwa akitazama ziwa kwa niaba ya wawili, alijibu, "Amepanda, mama. Anatema mayi."

Alikuwa akianguka sana. Usiku Mbuyi alimweleza mkewe kwa mwiko wa bukari, na Ngalula, nyuma ya pazia, aliusikiliza mwiko. Kwanza unaipeleka tiara juu kabisa ya kichwa, inakunyanyua. Ukiwa hewani, unavuta upande mmoja wa fimbo kwa nguvu zote. Tiara inageuka, inashuka, hapo inakuvuta kama gari moshi. Ukiendelea kuvuta, inamaliza duara, inapanda, inakaa tena juu yako, inakushusha pole pole. "Ukiachia katikati," alisema, akauangusha mwiko mezani, "ni hivi."

"Na weye unaachiaka?" Kanku aliuliza.

"Mi? Hapana. Mi navuta mupaka mwisho. Ni parashuti inazeeka."

Tiara ilizeeka kila siku mahali pale pale. Hilo ndilo lililomsumbua Ngalula. Kitu kizee hakifi kwa mpango. Paa bovu huvuja leo hapa, kesho pale. Tiara hii ilipanda vizuri, ikageuka vizuri, ikaelekeza uso kwenye maji, na hapo, mahali mvuto unapokuwa mkali, ikasahau ilichokuwa ikifanya. Ililegea kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake, ikaanguka. Kila mara. Ngalula alianza kuingoja pale, midomo ikisogea. Na siku moja, ilipolegea, alikumbuka mdomo wa shimo: sahani ya bukari, kijana aliyestuka, mikono wazi.

Aliacha kisu juu ya samaki. Akacheka peke yake mpaka Kanku akageuka.

Lakini Mbuyi ataambiwaje? Kumpa Kanku ujumbe ilikuwa njia ya kawaida, ila Kanku alikuwa mke mpya bado; angeubeba ujumbe kwa upole mpaka ukafika umekuwa pongezi. Jioni Mbuyi alikuwa nyuma ya uzio wa matete akikausha kamba zake. Ngalula akasogeza kigoda karibu na uzio, mgongo kwenye matete, akamshika samaki mmoja mkubwa na kumtazama machoni.

"We samaki," alisema kwa sauti, "ungekuwa na masikio ningekuambia kitu. Parashuti haina kosa. Inakufaka pale pale kila siku, ikigeuza tu uso ku mayi. Kuko mutu anafungua mikono."

Nyuma ya matete kamba ziliacha kusogea. Mtu akakohoa kwa heshima.

"Samaki," ilisema sauti ya Mbuyi, "umuambie mama: mi sifungue mikono. Navuta mupaka mwisho."

"Samaki, weye ulikuwaka mu mayi, uliona. Alivuta?"

"Huyu samaki alikufa tangu asubui," Kanku alisema. "Mumuache apumuzike."

Ngalula hakumjali. "Samaki, weye haujui shimo. Mi najua. Kamba ikiruka, mutu wa kamba anafungua mikono. Haiko kosa lake, njo vile balimufundisha, na ni juu ya ile angali na vidole kumi. Lakini ku mayi hakuna nguzo. Akifungua, nani atashika?"

Mvuvi mmoja alipita na kasia begani, akamwona mama mtu mzima anamhubiria samaki, akaharakisha mwendo.

"Kanku," Mbuyi alisema mwishowe, polepole, "leo mikono yangu ilikuwa namna gani? Ile mara ya mwisho."

Kanku alifikiri. "Wazi," akasema. "Kama ya padri ku misa."

Halafu sauti nyuma ya matete ikasema, "Samaki anasema kweli."

Kujua kosa ni jambo moja, na mikono ni jambo lingine, kwa sababu mikono haikwenda shule na kichwa. Kesho yake Mbuyi alipitisha kamba juu ya boriti ya banda la samaki la Mama Agnès. Upande mmoja akafunga mfuko wa mchanga, akauweka juu ya pipa. Upande wa pili akashika yeye. Kazi ya Kanku ilikuwa kuusukuma mfuko uanguke wakati mumewe hategemei. Kamba iliruka, mikono ikafunguka, mfuko pu! chini. Tena, pu! Akina mama wa kukausha samaki walikusanyika kutazama mtu mzima anayepigana na mchanga.

"Anatafuta nini?" mmoja aliuliza.

"Anafunza mikono yake kuwa na ubahili," mwingine alijibu.

"Aende kufunzwa na bwana wangu. Ile yake haifungukake hata siku ya soko!"

Kanku akawa hodari wa hila. Alisukuma akiwa katikati ya hadithi, alisukuma akipiga chafya, mara moja alisukuma akisema "nakupenda." Pu! Ngalula, mgongo wake ukiwa kwenye banda, alisikiliza pu hizo huku akiparua magamba, na kila jioni alimwomba Mungu jambo dogo tu: mfuko usifike chini. Mwishoni mwa wiki ile kulikuwa na mara ambayo aliingoja pu, ikachelewa. Aliinua kisu. Haikuja. Alisikia tu mtu anahema kwa nguvu, na wanawake wanapiga vigelegele, na kamba inalia taratibu kwenye boriti.

Majini bado alianguka. Lakini sasa alianguka mahali pengine: baadaye kidogo, juu kidogo. Ngalula aliuona mduara ukikua kama mtoto.

Siku ya Wazazi walikwenda makaburini alfajiri. Waling'oa nyasi, wakapaka chokaa msalaba wa Tshimanga, na Ngalula akamweleza marehemu habari zote kwa Tshiluba, bila kuruka hata habari ya samaki. Mchana walikuwa Nzilo. Vibanda vilijaa. Familia nzima nzima, wazee wakiwa wamevalishwa suti, kuku wa kuchoma, muziki. Mama Agnès alikuwa na kitenge kipya na uso wa biashara. Upepo ulikuwa mdogo. Halafu ukafa kabisa.

"Bon," Mama Agnès alisema, akilitazama ziwa lililolala kama mafuta. "Mungu naye anasherehekea."

Ngalula alikaa na mgongo wake kwa maji, akahesabu: Kanku yupo, mimba ipo, Mbuyi yupo nyuma huko anangoja. Wote wapo. Alijaribu kujua kesho kutwa hesabu hiyo itakuwa na nani, akaacha. Wageni wa kwanza walikuwa wameanza kukunja mikeka yao aliposikia matete yakinong'ona. Kisha kitambaa chake cha kichwa kilitikisika. Kisha vikombe vya plastiki vilianza kukimbia mchangani.

Tiara ilipanda. Wazee kadhaa wa Kolwezi waliinuka na suti zao kutafuta pa kujificha, wajukuu wakawashika mikono kwa kicheko. Tiara ilikwenda mbali, ikarudi, ikaenda tena. Mbuyi alikuwa anapima upepo, Ngalula alijua. Mara ikapanda juu kabisa, ikasimama, na watu wote kando yake wakavuta pumzi; hivyo alijua kwamba mkwe wake yuko hewani.

Tiara ikageuka. Ikashuka upande, ikaelekeza uso kwenye maji. Ikafika pale.

"Shika," Ngalula alisema.

Ilipita pale. Haikulegea. Ilifagia chini kwa mlio wa kanga inayochanwa, karibu iyalambe maji, kisha ikakunja, ikapanda, nyekundu na nyeupe, ikaumaliza mduara wake wote na kukaa juu kama sufuria lililorudishwa jikoni.

Kishindo cha watu kilikuja pamoja na kishindo cha maji.

"Amefanya nini? Kanku! Ameanguka?"

"Amezunguka, mama! Amezunguka yote! Halafu…" Kanku alikuwa anacheka na kulia kama asubuhi ile ya simu. "Halafu ameikalia mayi, kama mutu amekosa kiti."

"Amepanda?"

"Amepanda. Anapunga mukono."

Ngalula aliinua mkono wake pia, akaupungia mawingu.

Kijana mmoja mwenye miwani ya jua, mgeni wa kibanda cha mbele, alitoa hukumu kwamba kwenye video mtu hashuki kwa makalio. Mama Agnès alimgeukia polepole.

"Mi nilisema azunguke. Amezunguka. Habari ya kushuka, nani alisema habari ya kushuka? Weye ulilipa kiingilio?" Akapiga kelele kwa wote: "Atafanya tena mbele ya jua kulala! Musiende, kuku ingali mingi!" Kisha akaingiza mkono kifuani, akatoa ufunguo wenye kutu na kumpa Kanku.

Ufunguo ulizunguka kwenye kitasa bila taabu. Mlango wa nyumba ya mlinzi ndio uliokataa. Mvua za miaka zilikuwa zimeuvimbisha, na hakuna aliyeufungua tangu mlinzi wa zamani ahame. Mbuyi, maji yakimchuruzika, alivaa shati haraka aliposikia Ngalula anakuja, akausukuma kwa bega. Mlango ulitikisa vumbi tu. Kanku akaja kusaidia.

"Weye na ile tumbo? Simama pale," Ngalula alisema.

Alitazama huku na huku. Wanaume wote walikuwa kwenye kuku. Basi akageuka, akainua uso mbinguni kama alivyozoea, akatembea kinyumenyume mpaka mgongo wake ukagusa mbao. Pembeni yake, kwenye mbao za mlango ule ule, alisikia bega la mkwe wake likikaa sawa.

"Muambie ahesabu," alimwambia Kanku.

"Mama anasema uhesabu."

"Moja," Mbuyi alisema. "Mbili."

Ngalula alizika visigino mchangani, akasukuma kwa mgongo uliobeba maji, na makaa, na Kanku mwenyewe. Mlango ulilia, ukakwama, ukalia tena, kisha ukafunguka wote kwa mara moja, na Ngalula akaingia nyumbani kwa binti yake kinyumenyume.